Mwanvita Aliyezifundisha Mashine Kuuliza

Siku ukumbi mzima ulipomcheka, Mwanvita hakulia. Alisimama kando ya kompyuta yake, macho kwenye skrini kubwa ukutani, kama mzazi anayemwona mwanawe akianguka mbele ya wageni.

Alikuwa amekuja kuonyesha mchezo wa kompyuta aliokuwa akiutengeneza, Tumbo Moja. Ni mmoja wa ile michezo ambayo mchezaji anavaa uhusika wa mtu, anaishi maisha yake na kuamua mwenyewe aende wapi na aseme na nani. Katika Tumbo Moja mchezaji ni binti wa Kiluguru anayerudi milimani kumzika mjomba wake, mzee Sufiani, na kukuta koo mbili zinagombea chemchemi. Mchezo unaanzia kwenye mazishi hayo. Sasa dada mmoja aliyejitolea kuujaribu akafika sokoni, sura ya tatu, na nani akamlaki? Sufiani huyohuyo, mzima wa afya, nyuma ya mikungu ya ndizi.

"Karibu, mpwa wangu! Za leo tamu hizi."

"Jamani, marehemu kafungua genge!" mtu akapaza sauti kutoka nyuma, na watu wakaangua kicheko.

Oscar, mwenzake aliyechora milima na nyuso zote za mchezo ule, alikunja nyaya. Walipofika nje ndipo aliposema.

"Mwanvita, tuachane na hawa mawakala wako. Tuandike wenyewe."

"Sisi wawili? Mchezo una kijiji kizima cha watu wa kusema. Tutaota mvi."

Mawakala hao walikuwa programu za akili mnemba zinazopewa kazi na kuifanya hatua kwa hatua. Mmoja aliandika mazungumzo, mwingine alitunga majukumu ya mchezaji, mwingine alirekebisha programu yenyewe. Wepesi, hodari, hawajui kuchoka. Lakini kila kazi mpya waliianza kama abiria aliyeshuka stendi ya Msamvu kwa mara ya kwanza: hawajui nani kafa, nani kaolewa, nani hasemezani na nani. Na wasilolijua hawakuliacha wazi. Walilibuni, tena kwa sauti ya mtu mwenye hakika.

Mwanvita alikuwa amejaribu dawa moja tayari. Aliwamwagia kila kitu kwa mkupuo: historia ya koo, ramani, maamuzi yote aliyofanya na Oscar. Wakazidi kuvurugikiwa. Habari ya maana ilizama katikati ya habari tele, wao wakashika ya mwanzo na ya mwisho.

Mwisho wa wiki ile akapanda kwao Kinole, kijiji cha milima ya Uluguru, aibu ikiwa bado mbichi. Alikuta nyumba imejaa; mama yake, Bi Maimuna, alikuwa na shughuli ya kisomo. Jikoni alikuwepo Sabra, aliyeolewa na kaka yake mwezi ule, binti wa Kigoma ambaye milima hii hakuwa ameizoea. Mwanvita alikaa kumenya ndizi, masikio yakiwa kwa Sabra.

"Mama, samahani, hii sahani ya kwanza naipeleka kwa nani?"

"Kwa mjomba wao, yule mwenye koti."

"Na hawa wageni wa upande wa baba, nawaweka ndani au nje?"

"Ndani, mwanangu."

Shughuli ikaisha salama, hakuna aliyenuna. Hakuna aliyekuwa amemketisha Sabra na kumhadithia ukoo mzima. Aliuliza la kazi iliyokuwa mkononi, akajibiwa, akaenda nalo. Mwanvita akaacha kisu juu ya maganda.

"Wifi, umenifundisha kazi," alisema.

"Mimi? Kazi gani?"

"Nikimaliza nitakwambia."

Aliporudi chumbani kwake Mafiga, mjini Morogoro, alianza kutengeneza kile alichokiita Uliza Kwanza. Kilikuwa chombo kidogo kilichokaa kati ya mawakala na mchezo. Kabla wakala hajaandika neno, ilimlazimu kuuliza: Katika sura hii nani yuko hai? Huyu ni wa ukoo gani? Mchezaji ameshafanya nini mpaka hapa? Jambo hili tuliliamua vipi, na kwa nini? Jibu lilitoka ndani ya mchezo wenyewe, kama ulivyo siku hiyo, na lilikuwa fupi. Wakala akishamaliza kuandika, chombo kiliucheza haraka mkasa alioandika na kumrudishia kila kilichogongana na mengine. Majuma yakapita. Oscar alikuja akiwa na mashaka, akawa anaondoka na mashaka yaliyopungua.

Kisha ikafika siku ambayo Mwanvita, akiwa na haraka, alimwagiza wakala: andika Abdulatif, mtoto wa Sufiani, anauza shamba la baba yake. Wakala hakuandika. Alileta swali.

"Shamba hili ni la ukoo wa mama yake Sufiani. Abdulatif ni wa ukoo wa mama yake mwenyewe, kwa hiyo hana mamlaka ya kuliuza. Niandike akijaribu kuuza na kukatazwa, au nibadilishe jukumu?"

Mwanvita alisoma mara mbili. Akainuka, akazunguka chumba, akacheka peke yake. Yeye, mzaliwa wa Kinole, kwa haraka tu, alikuwa ametaka kugawa ardhi kwa mtindo wa watu wengine, wanaorithi kwa baba, si kwa mama kama Waluguru.

"Oscar! Njoo uone, imenikatalia!" alimwita mwenzake aliyekuwa barazani akichora.

"Imekukatalia, na wewe unafurahi?"

"Nafurahi sana."

Walichagua Abdulatif ajaribu na akatazwe. Mkasa huo ndio watu waliokuja kuusimulia zaidi mchezo ulipotoka, na wa kwanza kuucheza alikuwa Bi Maimuna, miwani puani, kidole kikibonyeza taratibu.

"We Abdulatif, huna haya!" aliifokea kompyuta. "Shamba la shangazi zako hilo!" Kisha akamgeukia binti yake. "Haya maneno kayaandika nani?"

"Mashine, mama. Ila kila hatua ilikuwa inauliza kwanza."

Bi Maimuna alivua miwani. "Basi ina adabu," akasema. "Umeilea vizuri."

Mwaka huu watengenezaji wa michezo kutoka Dar es Salaam walimpigia simu, wakitaka ashuke awafundishe Uliza Kwanza inavyofanya kazi. Mwanvita aliwajibu kwa heshima kwamba somo lipo, na lipo Morogoro. Wakaja. Chumba cha Mafiga hakikuwatosha, ikabidi Oscar aazime viti kwa majirani, na wengine wakasimama mlangoni. Mwanvita akanyoosha ushungi wake, akasimama mbele yao.

"Karibuni Uluguru," alisema. "Tuanze na yule wakala anayedhani anajua."