Mapipa Sita ya Kambi Kumi na Moja

Adoyo Ogweno alijifunza ufupi wa maneno akiwa posta. Kwa miaka kumi na mitatu alikaa kwenye dirisha la simu za maandishi, Mwanza mjini, akiwahesabia watu maneno. Mteja alileta "Mama anaumwa sana, tunakuomba ujitahidi uje haraka iwezekanavyo," naye bila kuinua uso akamrudishia "Mama mahututi njoo." Wengine walishukuru. Wengine walisema mama hajafikia kuwa mahututi, naye akawaambia basi waongeze maneno mawili.

Mwaka 1994 ukaja upunguzaji wa wafanyakazi, naye akawamo. Baada ya miezi miwili akaajiriwa na kiwanda kimoja cha minofu ya sangara, kimojawapo cha vile vilivyokuwa vikifunguliwa ufukweni kila kukicha. Kazi yake ilikuwa kukaa mbele ya simu ya upepo na kuzungumza na kambi kumi na mbili za visiwani: nani ana samaki, nani kaishiwa barafu, nani anataka dizeli. Kwa majibu hayo ndipo meneja, Bwana Masele, alipoamua boti iende wapi.

Tatizo lilikuwa muda. Masafa yale kiwanda kiligawana na makampuni mengine mawili, na zamu yao ilianza saa moja asubuhi ikaisha saa moja na nusu. Nusu saa ingetosha kambi kumi na mbili, kama makambini kusingekuwa na watu.

Mzee Shimba, msimamizi wa Kambi ya Kumi na Moja, alikuwa mtu wa kueleza jambo tangu lilikoanzia.

"Mwangaluka, binti. Huku tumeamka, ila jana upepo umeangusha jiko la Kashindye. Kashindye mwenyewe hakuwapo, alikwenda msibani. Ova."

"Shikamoo, baba. Poleni na msiba. Samaki makreti mangapi? Ova."

"Nafika huko. Ova."

Asubuhi nyingine zamu iliisha Adoyo akiwa kambi ya tano. Kambi ambazo hazikusikika zilikaa na samaki mpaka wakanuka, huku boti ikienda kusikokuwa na samaki. Masele alifikiria kuomba nusu saa nyingine. Adoyo aliomba karatasi.

Aliandika orodha fupi, akaichapa nakala kumi na tatu: moja ukutani kwake, kumi na mbili kwenye kuta za makambi. Tarakimu mbili za kwanza, namba ya kambi. Mbili zinazofuata, makreti ya samaki. Ya tano, tani za barafu zilizobaki. Ya sita, mapipa ya dizeli yanayotakiwa. Ya saba, wagonjwa. Ya nane, hali ya ziwa: sifuri shwari, tatu usitoke. Neno "samaki" halikutajwa tena, wala "barafu". Majina ya vitu yalibaki ukutani. Hewani zilisafiri namba tu, na kila namba ilijulikana kwa mahali ilipokaa.

"Na salamu?" Masele aliuliza.

"Hazina nafasi."

Wiki ya kwanza Shimba alisoma tarakimu zake nane kama mtu anayesomewa mashtaka. Lakini kambi zote kumi na mbili zilisikika kwa dakika tisa. Masele alifurahi, na dakika zilizobaki akawaachia majirani wa masafa, ambao nao walianza kumsalimia mjini.

Ikaenda hivyo karibu miaka miwili. Kisha Masele akataka kujua pia injini mbovu, na akataka ziandikwe katikati, kabla ya dizeli.

"Tuziweke mwisho," Adoyo alisema. "Ukiingiza kitu katikati, vyote vilivyo nyuma yake vinahama."

"Injini na dizeli ni ndugu," Masele alisema. "Mwisho haipendezi."

Karatasi mpya zikapelekwa kwa boti. Siku ile ziwa lilichafuka, nahodha akageuza kabla ya kufika Kambi ya Kumi na Moja, akasema karatasi yao ataifikisha safari nyingine. Adoyo hakuambiwa. Aliandika kwenye daftari: zimepelekwa.

Jumatatu iliyofuata Shimba akasoma: "Moja moja, tatu nne, mbili, sifuri, sita, sifuri. Ova."

Zilikuwa tarakimu nane, na karatasi mpya ilitaka tisa. Adoyo alisikia pengo hilo. Alitazama dirishani, akaona ziwa limetulia kama uji kwenye bakuli, akajaza sifuri ya mwisho mwenyewe. Karatasi yake ikamwambia kwamba Kambi ya Kumi na Moja haina injini mbovu, haina mgonjwa, na inataka mapipa sita ya dizeli.

Mapipa sita yakafika alasiri ileile.

Jumanne Shimba hakusoma namba. "Binti, leo sina tarakimu. Nilitaja wagonjwa sita. Mmeniletea mapipa sita. Watu wanaharisha, na dizeli hawanywi. Ova."

Adoyo aliitazama karatasi ya ukutani, akahesabu kwa kidole, akahesabu tena. Tarakimu ya saba kwenye karatasi ya zamani ilikuwa wagonjwa; kwenye mpya, dizeli. "Nakuja mwenyewe. Ova," alisema, ingawa si kazi ya mpokeaji simu kwenda popote.

Aliondoka na boti ya saa nne, akiwa na dawa, chumvi za kuongeza maji mwilini na muuguzi wa kiwanda, Teodora. Kambini, wagonjwa watano walikuwa wamelala lakini wakiongea. Wa sita, Kija, fundi wa nyavu, hakuweza kuinua kichwa; boti ikampeleka hospitalini Nansio jioni ileile. Adoyo alibaki kambini. Kwenye ukuta wa Shimba ilining'inia karatasi ya zamani, imekunjika pembe.

"Kosa ni langu," alisema. "Nilisikia tarakimu imepungua, nikaijaza kwa kichwa changu."

Shimba aliibandua karatasi ukutani. "Ningekwambia kwa maneno, ungeelewa."

"Ningeelewa, baba, kama zamu isingekwisha kabla sijakufikia."

"Nalo kweli," mzee alisema, akamsogezea kigoda.

Adoyo aliporudi Mwanza aliandika karatasi ya tatu. Kila ujumbe ulianza na namba ya karatasi inayosomwa, ili ya zamani na ya sasa zisichanganywe. Kitu kipya kiliongezwa mwisho tu. Injini zikahamishiwa huko, na Masele akasema tena kwamba haipendezi. Tarakimu ikipungua, mtu aliulizwa, hakujaziwa. Na penye wagonjwa, ikitajwa namba yoyote isipokuwa sifuri, kazi ilisimama na msemaji akaeleza kwa maneno mpaka amalize. Dakika zilizogawiwa majirani zilirudishwa. Majirani waliacha kumsalimia Masele.

Miezi minne baadaye Kija alipita kiwandani, amekonda, amevaa shati la kuazima. Aliuliza mpokeaji simu ni yupi.

"Shikamoo, mama. Mimi nilikuwa pipa la ngapi?"

"Marahaba. Hatukuwapa namba," Adoyo alisema. "Nisamehe, mwanangu."

Kija alisema yamekwisha. Akaketi, akaanza kumweleza habari za hospitali, kuanzia gati la Nansio na mtu aliyembeba mgongoni, na ndugu wa mtu huyo, na kitanda cha dirishani. Adoyo aliagiza chai, kisha ya pili, akamwacha aeleze.