Kupalilia Picha

Mimi hupiga picha maua. Si ya bustanini, ni yale ya porini ambayo huku kwetu Daa watu huyaita magugu. Jirani yangu akinikuta nimepiga magoti kando ya njia, kamera usoni, hucheka mpaka ashike kiuno. "Mama, jembe limekushinda, sasa unayapiga picha?" Namwambia apite zake, asinizibie mwanga.

Kamera ilikuwa ya marehemu mume wangu. Alikuwa dereva wa watalii, akiwashusha kwenye kreta ya Ngorongoro kila siku, na mgeni mmoja alimwachia alipoondoka. Yeye alipiga simba. Simba kalala, simba anapiga miayo, simba kajinyoosha. Ukishaona mmoja umewaona wote, ila yeye humwambii kitu. Alipofariki niliichukua ili isikae bure kabatini, na picha yangu ya kwanza ilikuwa ya ua la manjano ukingoni mwa shamba la maharage. Nililia kidogo, kisha nikapiga nyingine.

Tangu hapo natembea nayo. Tanga nimepiga ule mmea unaotambaa mchangani na maua yake ya zambarau, bahari imetulia nyuma yake. Nimefika hata Afrika Kusini, kwenye mahafali ya binti yangu. Alinipeleka kutembea kando ya bahari, upepo baridi kuliko wa Mbulu, na loo! Maua yalikuwa yamefunika mchanga mpaka kwenye miamba, ya chungwa na meupe. Wingu likipita, yanajifunga yote. Nilikaa kwenye jiwe nikangoja jua. Lilipotoka yakafunguka, nami nikainama upesi nikaanza kung'oa majani yaliyoziba ua moja zuri. Mlinzi akapuliza filimbi.

"Mama, huku hatung'oi kitu!" Binti alininong'oneza kwa aibu, maskini. Nikamwambia mikono hii ilijua kupalilia kabla haijajua kuandika. Ikiona kitu kizuri kimezongwa, haiwezi kukiacha.

Ni pale pale aliponiambia kuna kijana anataka kuja nyumbani kujitambulisha. Nilipiga vigelegele, watu wakageuka kututazama. Kisha akasema, "Lakini mama, shangazi asipokuja kunivalisha shanga siku ya kuagwa kwenda kwa mume, mimi sitoki nyumbani." Furaha yote ikanikauka mdomoni.

Shangazi huyo ni wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, mfugaji wa Endulen. Mume wangu alikuwa Mmaasai wa huko, mimi ni Mwiraqw wa hapa Daa. Alipougua aliniambia azikwe karibu na nyumba aliyoijenga kwa jasho lake, nami nikamzika hapo. Wifi alitaka arudishwe kwao. Siku ya maziko alisema mbele ya watu wote, "Umemzika mdogo wangu ugenini," akaondoka bila kunywa hata chai. Toka siku hiyo hakupokea simu yangu. Na mimi nina kichwa kigumu, sifichi. Niliapa kwamba siombi radhi kwa kutimiza neno la mume wangu. Abaki na hasira zake, nilisema. Maneno ya mdomoni hayo, maana kila mvua iliponyesha kwetu nilijiuliza kama na kwao imenyesha.

Nilituma watu kumsihi, wakarudi mikono mitupu. Binti naye akashikilia lake. Karithi kichwa changu, nimlaumu nani? Basi mvua zilipoanza kurudi nikapanda gari linalopeleka unga Endulen, kamera shingoni, mkobani kitenge kipya. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno. Siendi kuomba, nilijiambia, naenda kudai haki ya mtoto.

Dereva alinishusha njia panda, pa kuelekea kwenye boma la wifi. Mtu akiogopa hutafuta kazi ya mikono, na kazi ilikuwa pale pale kando ya njia: lile ua jekundu la mviringo, kubwa kama ngumi mbili, linalochomoza ardhini lenyewe bila jani hata moja. Nyasi zilikuwa zimelizonga pande zote. Nikapiga magoti nikaanza. Nang'oa, nachungulia kwenye kamera, naona bua limekatiza mbele, nang'oa tena. Nyasi nilizikusanya mkono wa kushoto, kwa sababu mkulima hatupi magugu ovyo yakaota upya.

"Takwenya," sauti ya kike ikanisalimu kwa Kimaasai juu yangu.

"Iko," nikaitikia kabla hata sijatazama, ndivyo mwanamke anavyoitika huko. Kisha nikainuka haraka, jua likanipiga machoni, nikainua mkono kujikinga. Ulikuwa ule ule wa kushoto, na fungu la nyasi ndani yake.

Wifi alikuwa amesimama mtelemkoni, fimbo mkononi, mbuzi nyuma yake. Hakunitazama usoni. Alitazama mkono.

Ndipo nikakumbuka. Kwa Wamaasai nyasi ndizo uhai wa ng'ombe, na mtu aliyezishika mkononi anaomba amani. Hata awe adui, hapigwi. Mume wangu alizoea kunichezea kwa hilo. Tukigombana alitoka nje, akachuma nyasi, akarudi nazo mlangoni kaziinua juu, mpaka nacheka nami sitaki.

Mimi hapo sikuwa naomba chochote. Nilikuwa napalilia picha. Ningeweza kuzidondosha, nikajipangusa magoti, nikaanza hotuba yangu ya haki ya mtoto. Vidole vilikuwa tayari kufunguka, nasema kweli. Lakini nilimtazama wifi yangu. Alikuwa amezeeka, mama wee, amezeeka vibaya katika miaka hii michache, na ile pua ni ya mume wangu kabisa. Nikazikaza zile nyasi.

Wifi akainama polepole kwa ajili ya magoti yake, akang'oa nyasi zake, akashuka nazo mpaka mbele yangu. Tukalia pale njiani, yeye kwa Kimaasai, mimi kwa Kiiraqw. Mbuzi wakatapakaa wanavyotaka.

Ndani ya boma alinipa chai ya maziwa matupu, tamu. Niliona nikiinywa hivi hivi nitakuwa nimemwibia.

"Wifi," nikasema, "nataka nikwambie ukweli. Zile nyasi..."

"Kunywa chai," akanikatiza. "Nilikuwa juu na mbuzi tangu gari lilipokushusha. Nimekuona unang'oa, unachungulia kidude chako, unang'oa tena. Nikasema, jamani, Wairaqw hawa! Amemaliza kulima kwao, amekuja kupalilia na pori letu."

Nikacheka mpaka chai ikanimwagikia. Yeye hakucheka. Alikuwa anazungusha kikombe chake mikononi.

"Nilishuka nikiwa nimeshaamua," akasema. "Nitamsalimia. Akiniona akazitupa, narudi na mbuzi zangu, na mtoto aagwe bila mimi."

Nikakiweka kikombe chini.

"Hukuzitupa."

"Sikuzitupa, wifi."

Akaniongezea chai, akavuta kigoda karibu na changu. "Haya. Mtoto wetu anaagwa lini?"