Mwenyeji Wetu wa Kisoko

Sikuwa nimelewa wala sikuota. Nilikuwa mama mzima, mjane, nashona nguo pale Busia, mpakani, na haya niliyaona mchana.

Ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Ah, siku zile! Mpaka ulikuwa kama uchochoro tu: unanunua sukari Kenya asubuhi, unapika chai Uganda jioni, na hakuna anayekuuliza unatoka wapi.

Akaja Mzungu, Madamu Doris, mwanamke wa makamo mwenye mikono migumu kama yangu. Alikuwa akimtafuta Edith, dada wa bibi yake. Usidhani Edith alikuwa mke wa gavana. Alikuwa binti wa mfua nguo kijijini kwao Uingereza, akaletwa huku zamani sana kulea watoto wa bwana mmoja mnunuzi wa pamba. Mabwana waliporudi kwao, yeye alibaki Kisoko, upande wa Uganda, na baba yake akakataza jina lake lisitajwe nyumbani. Doris alitaka kujua yaliyompata. Kwa kuwa marehemu mume wangu alikuwa mtu wa Kisoko na Dhopadhola, lugha ya huko, naisema, aliniomba nimsindikize.

Gari lilikwama kwenye matope kabla hatujafika kwa shemeji yangu Owor. Tukashika njia kwa miguu. Matone ya kwanza yalipoanguka tukaona nyumba ya nyasi, moshi unafuka, na bibi kizee mlangoni amevaa gomesi, gauni la akina mama wa Uganda. Alikuwa Mzungu. Niamini.

“Ingieni, wanangu, mtalowa,” akasema kwa Dhopadhola, ile ya wazee. Kiingereza kilikuwa kimemtoka. Kila neno nilitafsiri mimi.

Akatupa uji wa wimbi. Akamtazama Doris kwa muda, kisha akaniambia, “Muulize, Nell aliolewa?”

Doris akashtuka. “Nell ndiye bibi yangu! Edith, kumbe u hai?”

Kizee akauliza lingine. “Na mama aliacha kufua? Miguu yake ilikuwa ikivimba kwa yale maji baridi.”

“Alifua hadi kufa kwake,” Doris akasema, machozi yanamtiririka. “Bibi alituambia kuwa kila Krismasi mama yenu alikuwa akiweka sahani moja zaidi mezani, na hata baba yenu hakuthubutu kuiondoa.”

Yule kizee akajifunika uso kwa mshipi wa gomesi yake. Alipojifunua alinigeukia mimi.

“Na wewe, mama wa bibi yako aliitwa nani?”

Nikafungua kinywa. Jina halikuja.

“Naye anangoja uulize,” akasema, bila ukali wowote.

Mvua ilipokatika tukaaga. Doris alikuwa akicheka na kulia, akipanga kurudi kesho na sukari na kitambaa. Tulipofika kwa Owor na kumsimulia, aliweka jembe chini.

“Shemeji, yule tulimzika mimi nikiwa mvulana. Nyumba yake ilishaliwa na mchwa.”

Tukarudi naye jua likiwa bado juu. Palikuwa na shamba la karanga na rundo la mawe ya kaburi lake, basi. Dunia yote ilikuwa maji, lakini mimi na Doris tulikuwa wakavu, na tumboni tumeshiba uji. Sasa huo uji tulipewa na nani?

Doris alipiga magoti, akaanza kuyasimulia yale mawe habari za kwao: nani aliolewa, nani alikufa vitani, nani anaishi katika nyumba yao sasa. Sikutafsiri. Hakukuwa na haja.

Wiki hiyo hiyo nilikwenda nyumbani kwetu Dabani kumuuliza mama yangu. Akafikiri, akatikisa kichwa. Aliyejua ni shangazi yake, naye alikuwa ameshafariki.

Wewe ambaye bado una mama, inuka sasa hivi ukamuulize. Mimi nimezeeka, na mvua ya mchana ikinikuta njiani, nalowa tu. Hata mwenyeji aniite kwa upole namna gani, siingii. Naogopa kuulizwa tena.