Kamati ya Risasi za Jepkosgei

Kampuni ya ulinzi ilitamka kwamba uchaguzi wa risasi ni uamuzi wa kitaalamu, wa mlinzi peke yake, wala haujadiliwi na watu wasio na leseni.

Jepkosgei, mlinzi wa mchana katika jengo la kompyuta huko Sterling, nje ya jiji la D.C., alilisoma tangazo hilo kwa makini, kisha akalipeleka Annandale, kwenye kanisa la wahamiaji wenzake. Watu wa kwao hata kununua sofa hukuundia kamati. Wiki iliyofuata alikuwa na mtihani wa shabaha, kwa bastola ya rivolva yenye mtutu mfupi kama kidole gumba. Akifeli, angehamishiwa zamu ya usiku, na masomo yake ya uuguzi ya jioni yangeishia hapo.

Chai ilipomiminwa, Mutai, dereva wa teksi, alijiteua mwenyekiti. Wakaomba kwanza.

"Nunua kali kuliko zote," alisema. "Mwizi hapewi nafasi ya kufikiria."

"Mwenyekiti, ushawahi kushika bastola?" aliuliza Wairimu, nesi wa chumba cha dharura.

"Nimeendesha teksi D.C. usiku."

"Hilo si jibu, lakini pole. Mimi napokea watu waliokuwa wamekaa tu sebuleni kwao. Risasi kali ikitoboa ukuta, haiulizi nani jirani."

Jumamosi kamati ikahamia uwanja wa shabaha. Jepkosgei alianza na zile kali. Mtutu mfupi hauipi baruti nafasi ya kuungua yote ndani, basi iliyobaki iliungulia nje, mbele ya uso wake. Risasi ya pili ilitoboa shabaha ya mzee aliyekuwa akipiga kando yake, ambaye alitikisa kichwa kushukuru. Mutai naye akaomba zamu. Alipiga mara moja, akailaza bastola mezani taratibu kama mtoto aliyesinzia, akasema mwenyekiti hana la kuongeza.

Muuzaji wa duka la uwanjani akawaletea risasi laini, bapa kichwani. Zile zenye tundu kichwani, zilizoundwa zifunguke zikigonga mwili, alisema, zikitoka kwenye mtutu mfupi mara nyingi huzibwa na kitambaa cha koti, zisifunguke. Jepkosgei akazipiga hizo bapa, zote zikatua kifuani pa mtu aliyechorwa kwenye karatasi ya shabaha.

"Chukua hizo," alisema Wairimu. "Yenye maana ni ile unayoweza kuirudia bila kukosa shabaha, dada."

Jumatatu alifaulu. Dunstan, msimamizi aliyetia saini lile tangazo, alimuuliza nani alimshauri, naye akamwambia.

Jumapili Dunstan alikunywa chai Annandale. Ajenda ya kwanza ya kamati ilikuwa bastola yake.