Mama Tulia na Stendi ya Miguu Mitatu

Wateja walimwita Mama Tulia kwa sababu hilo ndilo neno alilowaambia kutwa nzima: "Kidevu juu. Tulia hapo hapo. Tulia." Alikuwa na miaka hamsini na saba, na kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa amepiga picha za vitambulisho katika chumba kimoja cha ghorofani, chenye sakafu ya mbao na dirisha pana. Flashi hakuipenda, alisema inawafanya watu waonekane kama wamekamatwa. Alitegemea mwanga wa dirisha na mikono yake.

Siku moja mwalimu mkuu wa shule ya jirani alipanda ngazi na bahasha, akamwaga mezani picha za wanafunzi arobaini ambao Mama Tulia aliwapiga humo humo chumbani.

"Mama, hebu niambie. Huyu ana macho mawili au manne?"

Mama Tulia akavaa miwani. Akaivua, akaifuta, akaivaa tena. Picha zilikuwa zimetikisika, karibu nusu yake.

"Niachie, mwalimu. Nitawapiga upya," akasema, uso umemshuka.

Akaona wazi kwamba mikono imeanza kuzeeka kabla yake. Akamweleza binti wa kaka yake, ambaye hupiga picha za majengo, na Jumamosi binti akaja na stendi ya kamera yenye miguu mitatu.

"Shangazi, hii haichoki. Weka kamera hapa juu, kaza hapa, halafu usiiguse tena. Ukibonyeza kwa kidole, umeshaitikisa. Itegeshe ihesabu sekunde mbili, ijipige yenyewe. Na kwa kuwa imetulia, unaweza kuiacha ifunguke kwa muda mrefu zaidi, mwanga uingie wa kutosha."

"Na mimi nafanya nini?"

"Unawaambia watulie."

Jumatatu asubuhi picha zilitoka safi, hata nyuzi za kola ungezihesabu. Ilipofika saa nne, zikatoka mbaya kuliko za mkono. Mama Tulia akakaza kila palipokazika. Akaipanua miguu ya stendi. Kesho yake akaning'iniza mfuko wa mchanga katikati ili izidi uzito. Asubuhi safi, saa nne ukungu, saa saba safi tena, saa nane ukungu.

"Umetikisika?" akamuuliza mteja.

"Mimi? Hata pumzi nimezuia, mama!"

Akampigia simu binti wa kaka yake.

"Shangazi, stendi haitetemeki," binti akasema.

"Basi ni mimi. Labda natetemeka hata nisipoigusa."

Hakuwa anatania. Siku ile alisimama mbali kabisa, mgongo ukutani, mikono nyuma kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Ukungu ukaja vilevile. Akaitazama kamera, akamtazama mteja, akavitazama viganja vyake, asijue amshike nani.

Alhamisi viatu vilimbana, akavivua. Aliposimama peku kando ya stendi, nyayo zikamwasha. Akadhani ni ganzi. Akasogea hadi kwenye zulia la mlangoni, ikapungua. Akarudi, ikarudi. Kitini alikuwepo karani mmoja mwenye tai.

"Baba, hebu vua viatu."

"Kwa picha ya kichwa?"

"Vua tu. Simama hapa uniambie unasikia nini."

Karani akasimama na soksi zake, macho yamemtoka. "Nasikia... kama kuna nyuki humu chini."

Mama Tulia akashuka ngazi peku. Chini alikaa fundi cherehani, jirani yake wa miaka yote. Alikuwa ameinama juu ya mashine kubwa ya umeme, mpya, na meza yake imepigiliwa misumari kwenye nguzo ile ile iliyobeba sakafu ya juu.

"Kaka, hii umeileta lini?"

"Mwezi wa pili sasa. Naiwasha saa nne, mchana naizima nikale. Kwani inakusumbua, dada?"

"Imenifanya nijione mgonjwa!"

Fundi akashika kichwa. Hapo hapo wakang'oa misumari, wakaisogeza meza mbali na nguzo, wakakata kandambili kuukuu na kuweka vipande chini ya miguu yake. Wiki iliyofuata wanafunzi arobaini walipigwa picha upya, na mwalimu mkuu hakupata jicho la kulalamikia.

Hata hivyo Mama Tulia hakutosheka. Jioni moja, mashine ya chini ikiwa imezimwa, aliitoa kamera kwenye stendi, akaishika mwenyewe na kuipiga picha saa ya ukutani mara tatu. Moja ilitoka safi. Mbili zilikuwa na ukungu.

"Sasa, shangazi, zile picha za kwanza za shule, ilikuwa mikono au sakafu?" binti wa kaka yake akamuuliza kwenye simu.

"Sijui, mwanangu. Nilikuwa namtafuta mwizi mmoja, labda walikuwa wawili."

Akairudisha kamera juu ya stendi, akaikaza, kisha akafungua mlango kumwita mama mmoja aliyekuwa akisubiri na mtoto mgongoni.