Soya Nyuma ya Maini

Mtaani walimwita Mnofu, kwa sababu bucha yake ilisifika kwa steki, na kwa sababu mwenyewe alikuwa tangazo la biashara: shingo nene, mashavu ya kujivunia. Basi utumbo wake ukaamua kumuumbua. Ukavimba kwa ndani, akawa anakijua choo cha nyuma ya bucha kuliko sura ya mkewe.

"Nyama nyekundu punguza," daktari alimwambia. "Jaribu protini za mimea: soya, dengu za kuponda. Huenda tumbo likatulia. Na dawa usiache."

Ushauri murua kabisa wa kumpa muuza nyama! Watu wakijua mwenye bucha hali nyama, nani atanunua? Mnofu akaamua kufa na tai shingoni. Akawa analoweka soya ya kusaga kwenye nyanya mpaka ifanane na nyama, anaifunga kwenye mfuko na kuificha kwenye jokofu, nyuma ya maini, huku akijipongeza kwa akili zake nyingi. Mchana wateja wakipungua, anajifungia na kuipika. Na tumbo, bila haya, likaanza kutulia.

Siku moja mkewe alimshikia bucha. Akauona ule mfuko, akadhani ni nyama ya kusaga, akampelekea mama yake zawadi.

Kesho yake mama mkwe akaingia, bucha imejaa watu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mkwe wangu. Ile nyama ya jana nimeipenda. Nipimie nyingine."

Mnofu akapima nyama ya kusaga. Mama akaichungulia.

"Siyo hii. Ile haikunisumbua. Hii yako ya siku zote huniweka chooni mpaka asubuhi."

Watu wakatega masikio. Mnofu akaelewa mfuko wake wa nyuma ya maini ulikokwenda. Uongo alikuwa nao tayari mdomoni, mzuri tu. Lakini mama mkwe alikuwa amejishika tumbo, pale pale anapojishika yeye, na huruma ikamzidi.

"Mama, ile ni soya. Chakula changu. Naumwa utumbo."

"Na mimi! Daktari alinikataza nyama tangu mwaka jana."

"Sasa mbona ukija kwetu unakula?"

"Ningekataaje, baba? Mkwe mwenye bucha! Ungesema nakudharau."

Mnofu akakumbuka sahani za kila Jumapili, vipande vya kuchagua alivyomjazia kwa mkono wake, akimsimamia mpaka amalize.