Kijiji cha Bibi wa Himalaya

Wiki jana nilipita Laeken, hapa ugenini, kwenye mtaa tuliokaa nikiwa mdogo, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili. Nikainua macho kwenye dirisha la bibi jirani. Limewekwa mapazia mapya. Nilisimama pale barabarani kama mtu aliyesahau anakokwenda.

Bibi huyo alitoka kijiji kidogo cha milima ya Himalaya. Ndiye aliyenitunza nikitoka shule, maman, mama yangu, akiwa mtaa wa Schuman anasafisha maofisi. Kifaransa chake kilikuwa cha kuokoteza, changu pia, tukaelewana vizuri tu. Alipika chai ya siagi na chumvi, akaipiga kwenye blenda mpaka itoe povu. Bon, chai ya chumvi! Siku ya kwanza nilitamani kulia. Lakini maman alinifunza nisibakize chakula cha watu, nikafumba macho nikamaliza. Akajaza. Nikamaliza. Akajaza tena. Kumbe kwao kikombe cha mgeni hakiachwi kitupu. Aliyetosheka hukiacha kimejaa. Tulishindana kwa adabu hivyo hivyo mpaka maman akaja, tumbo limenivimba kama ngoma. Maman alicheka mpaka akakaa chini.

Nilipoizoea ile chai, alinitembeza kijijini kwao kwa mdomo: mashamba ya shayiri, moshi wa samadi iliyokaushwa, kengele za ng'ombe wao wenye manyoya marefu, chemchemi ambako wasichana walivunja barafu asubuhi ndipo wateke maji. Alitaka kitu kimoja tu, arudi aione nyumba ya mama yake kabla hajafa. Alijilaumu sana kuondoka. Aliamini waliobaki wanamsema kila wakilima kipande chake cha shamba. Kila mwaka alituambia ni mwaka ujao.

Nilipokuwa nakaribia kumaliza sekondari, mwanawe alitangulia kwenda kuangalia. Aliporudi tulikaa sote sebuleni, akamweleza mama yake taratibu kwamba chemchemi imekauka, watu wote wamehamia bondeni, nyumba zimebaki kuta.

Nilidhani bibi atalia. Akasema tu, "Kumbe hata wao wameondoka."

Hakuitaja tena safari. Alifariki miaka michache baadaye.

Mimi nilizaliwa Bujumbura, nikatoka huko nikiwa mgongoni, sikumbuki hata mlango wa nyumba yetu. Nikiulizwa kwetu ni wapi, najibu Bujumbura. Lakini hamu ya nyumbani ikinishika, jamani, ninachokiona ni kijiji ambacho sijawahi kukikanyaga, na aliyeweza kunirudisha huko hayupo.